Sikukuweka spika, Zai

Tegeta, Dar es Salaam
Jumatano usiku

Kwako shoga yangu Zai,

Habari za Dodoma na vumbi lake? Shemeji hajambo? Watoto je? Mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali na upeo wa macho yangu, kama tulivyokuwa tunaanza barua zote kidato cha kwanza. Ila safari hii hofu ni ya kweli. Tangu Jumamosi nimekupigia mara 11. Ya kwanza iliita mpaka ikakatika, ya pili uliikata mwenyewe, na zilizobaki ananijibu yule dada wa mtandao kwamba hupatikani. WhatsApp naona tiki moja tu. Nimekuelewa. Ndiyo maana nimeshika kalamu. Baba Salma anapanda treni ya umeme kesho asubuhi, ana semina huko kwenu, na nimemwambia asiiache kwa mlinzi. Akukabidhi mkononi na asimame hapo hapo mpaka uifungue.

Naomba tu uisome yote kabla hujaichana.

Sikukuweka spika Jumamosi ile ulipopiga, kama unavyodhani. Nalitanguliza hilo. Sikubonyeza spika, sikumpa mtu simu, wala sikuwemo ndani ya gari. Shadya amekwambia nini sijui, maana Shadya habari hapeleki kavu, lazima atie ndimu na pilipili. Mimi nakueleza ilivyokuwa, na ili uelewe inabidi nianzie mbali kidogo, kwenye redio.

Unaikumbuka ile redio iliyokuja na IST yangu kutoka Japani, ya maandishi ya Kijapani, yenye tundu la CD na lile tundu la MD ambalo Salma aliwahi kulilisha sarafu ya 200. Redio zile zinaanzia 76 zinaishia 90, na huku kwetu stesheni ziko 87.5 mpaka 108, kwa hiyo nusu ya mji huipati. Wakanifungia kile kiboksi cha kwenye waya wa antena, ekspanda, kinashusha kila stesheni namba 12. EFM ya 93.7 nikawa naikuta kwenye 81.7. Basi, nikazoea, kila stesheni napiga hesabu kama niko sokoni.

Lakini nilitaka nyimbo zangu. Unanijua mimi na foleni ya Mwenge, bila taarabu naweza kushuka nikaliacha gari katikati ya barabara. Na nilitaka simu, kwa sababu mwezi wa tano trafiki alinisimamisha pale Africana nikiwa na simu sikioni, 30,000 ikaenda hivi hivi nikiiona. Tena nilikuwa naongea na wewe, habari ya yale magauni ya sare. Nikaenda Kariakoo nikanunua kile kidude cha kuchomeka kwenye tundu la sigara. Kinachukua muziki kwenye simu kwa bluetooth, kinaurusha kama stesheni ndogo ya FM, redio inaudaka. Shilingi 15,000. Kijana akanionyesha kwenye gari lake, safi kabisa. Mimi naweka 88.0 kwenye kidude na 88.0 kwenye redio, nasikia shwaaaa. Wiki mbili! Nikarudi nikagomba naye mpaka watu wakajaa, akanibadilishia, na cha pili kikawa hivyo hivyo. Salma ndiye aliyeniuliza siku moja tuko sheli, "Mama, si ulisema kila kitu kinashuka 12? Basi redio yako ikiandika 88, yenyewe inasikiliza 100." Tukaweka kidude 100, redio tukaiacha 88. Muziki ukatoka, Zai, nilipiga vigelegele pale pale sheli. Na yule kijana nilimgombeza bure. Bado sijaenda kumtaka radhi, siku hizi nikifika mtaa wake nazungukia wa pili.

Hata hivyo sauti ilikuwa ya kuungaunga. Nikiingia mjini kuna stesheni inakuja kukaa juu ya wimbo wangu, na kwenye simu wewe mwenyewe uliniambia naongea kama nimo ndani ya pipa. Shabani akanivutia waya wa AUX, ule wa kuchomeka simu kwenye redio, kwa nyuma. Hapo sauti ikanyooka, ila nikichomeka chaja tu inaanza kulia nziii, na nikikanyaga mafuta nayo inapanda. Nikitoa chaja, kimya. Kwa hiyo nichague, muziki au chaji. Na waya ule unaleta sauti tu, maiki inabaki ile ya simu, nikipigiwa naongea nimeinamia kiti kama nakisalimia.

Ndipo nikanunua hii mpya, 180,000, ambayo Baba Salma mpaka leo anajua ni 120,000. (Baba Salma, kama umeifungua barua hii njiani, tutaongea ukirudi.) Fundi mmoja huko Ilala akaifunga, maiki ndogo akaibandika juu karibu na kioo. Muziki, simu, kila kitu. Ila ilikuwa na ugonjwa mmoja: nikizima gari inasahau. Inasahau saa, inasahau stesheni, inasahau simu yangu. Kila asubuhi naitambulisha upya, kama kuwatambulisha watu waliolala nyumba moja. Nimeishi hivyo miezi miwili nikilalamika kwa kila mtu.

Ijumaa iliyopita nikampata fundi mwingine, mzee wa watu. Akaichomoa, akacheka. Kumbe waya wa njano na mwekundu vilikuwa vimefungwa pamoja kwenye swichi. Mwekundu ndio unaoiamsha redio ukiwasha funguo. Wa njano unatakiwa upate moto muda wote moja kwa moja kutoka kwenye betri, ndio unaotunza kumbukumbu. Akavitenganisha, dakika 10, akachukua 5,000. Kuanzia hapo redio haisahau kitu. Nikizungusha funguo tu inaidaka simu yenyewe, majina yote ya kwenye simu yanajipanga kwenye kioo chake. Nilifurahi mno, nikampa mzee na hela ya soda.

Hiyo ni Ijumaa jioni. Sasa umeanza kuona tunakoelekea. Laiti yule mzee angekuwa amefunga mapema siku ile.

Jumamosi tulikuwa na arobaini ya babu yake Shadya, Bunju. Pilau imekwisha kupakiwa, Mama Kulwa, mwenyekiti wetu wa kikoba, kakaa mbele kwa sababu ya goti, Shadya na Bi Hawa nyuma. Nimeshawasha gari, nikakumbuka mfuniko wa hotpoti kubwa. Nikaacha linaunguruma kwa ajili ya kiyoyozi, unajua Mama Kulwa na joto, nikakimbilia ndani na simu yangu mkononi. Kutoka dirisha la jikoni mpaka lilipo gari ni hatua kama kumi. Mimi akili yangu yote bluetooth inaishia mlangoni mwa gari! Kumbe inafika mita 10, na ukuta wetu ule wa tofali moja hauizuii.

Ukapiga. Nikapokea, "Halo Zai." Kimya. "Halo? Zai? Sikusikii." Kimya. Nikasema mtandao huo, nikaiweka simu juu ya friji nikaendelea kuinama makabatini kutafuta mfuniko. Sikuikata. Hapo ndipo nilipokosea, na hilo peke yake ndilo kosa langu.

Simu ilikuwa imejipeleka garini. Sauti yako iko kwenye spika nne, na sikio lake ni ile maiki iliyo juu ya paji la uso la Mama Kulwa. Halo zangu zote hukuzisikia hata moja, maana maiki ya simu ilikuwa imelala. Umemwambia Shadya kwamba "Rehe alikuwa anaitikia." Aliyekuitikia ni Mama Kulwa mwenyewe. Shadya anaapa kwamba aliitikia "Mm" mara tatu na "Ehee" mara moja, bila kugeuza shingo.

Dakika 2 na sekunde 41. Nimeiangalia kwenye simu mara nyingi kama vile itapungua.

Sasa mwenzangu, na mimi nina langu moyoni. Ulisema ya sanduku la kikoba, kwamba limewekewa kufuli tatu ili funguo zikae kwa watu watatu, na tangu Bi Tatu ahame zote zinaning'inia kwenye msumari mmoja chumbani kwa mwenyekiti. Kweli. Ukasema unataka hisa zako kabla kikoba hakijavunjwa Desemba. Haki yako. Lakini hukuishia hapo! "Si wewe mwenyewe Rehe uliyeniambia mwezi wa nane, ila unamwogopa." Zai. Ukaniunguza na mimi kwenye moto ule ule, kisha unaninunia uko Dodoma, kilomita 450. Mimi nilikuwa na safari ya kukaa naye bega kwa bega.

Naingia garini sijui hili wala lile. Hakuna anayesema. Bi Hawa anahesabu tasbihi anaangalia nje. Nawasha muziki, Shadya ananifinya kwa nyuma, mimi nadhani niuzime kwa heshima ya msiba, nauzima. Tumefika Boko ndipo Mama Kulwa akafungua mdomo: "Redio yako ina sauti nzuri." Nikamwambia ahsante! Nikaanza na kumweleza habari ya waya wa njano. Hakusema tena mpaka Bunju.

Nilikuja kuambiwa wakati wa kuosha vyombo. Nilikwenda nikakaa garini peke yangu, nikaangalia kile kioo, na jina lako bado limeandikwa pale, simu ya mwisho iliyopokelewa. Halafu nikakumbuka kwamba majina yote yako humo, na yeye nimemhifadhi "Mama Kulwa Kiherehere". Kama alipekua au hakupekua... sitaki hata kufikiri. Nimeshambadilisha.

Basi leo mchana katumwa Kulwa na bahasha. Ndani yake ufunguo mmoja, hakuna karatasi, hakuna salamu. Bi Hawa naye kapelekewa wa kwake. Nikamuuliza mtoto, mama amesemaje? Akasema, "Kikao Jumapili saa kumi jioni, muje na madaftari." Sasa hii ni suluhu, au ndiyo tunaitwa tukahesabiwe makosa? Nimeuweka ufunguo kwenye pochi, kisha kwenye kabati, sasa hivi umo chini ya mto wangu. Sasa nimeanza kuelewa kwa nini yeye alitumia msumari.

Simu nimeirekebisha, usiogope kunipigia. Salma alinionyesha: unaingia kwenye bluetooth ya simu, unabonyeza jina la gari, kuna swichi zake, ya simu, ya muziki, ya majina. Nimezima ya simu na ya majina, nimeacha muziki tu. Tulijaribu mara tatu, mimi ndani, yeye garini, sauti ikabaki mkononi mwangu. Nikipigiwa barabarani naweka gari pembeni kwanza. Hata wewe angalia kwenye gari la shemeji, maana lile lina kioo kikubwa kuliko changu na wewe huongei taratibu.

Sasa nijibu. Umezima simu au umenizuia mimi tu? Mama Kulwa amekupigia? Alisema nini, na alisema kwa sauti ipi, ile ya kikao au ile ya msibani? Hisa zako bado unazitaka sasa, au unasubiri Desemba sasa hivi funguo zimegawanywa? Jumapili wakiniuliza mimi niseme kweli niliyasema yale mwezi wa nane, au utanisaidia kusema hukunukuu vizuri? Na utakuja lini? Lile gauni lako la sare bado liko kwangu, fundi kalibana kiunoni.

Washa simu, japo kwa dakika moja.

Wako,
Rehe

Nimesahau: mfuniko wa hotpoti ulikuwa garini muda wote, chini ya miguu ya Mama Kulwa.