Risala ya Kikundi cha Akina Mama Watengenezaji wa Sabuni ya Mise na Mawese kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Wanawake Duniani

Ndugu Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, Mheshimiwa Diwani wa kata yetu, Mtendaji wa Kata, Afisa Maendeleo ya Jamii, viongozi wetu wa dini, walimu, wazee wetu, akina mama wenzetu, mabibi na mabwana.

Kwa niaba ya wanachama 23 wa kikundi chetu, tunakushukuru kwa dhati kwa kukubali kuwa nasi leo tarehe 8 Machi, hapa Kigoma, chini ya miembe hii ambayo ndiyo ukumbi wetu wa kila Alhamisi. Kwa ruhusa yako, risala hii itajikita katika jambo moja tunalolijua kwa mikono yetu wenyewe, nalo ni utengenezaji wa sabuni ya matumizi ya nyumbani kama njia ya kupunguza gharama za kuendesha kaya.

Ndugu Mgeni Rasmi, kikundi hiki hakikuanzishwa kwa ajili ya sabuni. Kilianza kama kikundi cha kuweka na kukopa, na wanachama wengi walikuwa wakishindwa kutimiza hisa zao za wiki. Ndipo mweka hazina wetu alipotutaka kila mmoja aandike katika daftari kila kitu alichonunua dukani kwa mwezi mzima, hata cha shilingi 100. Mwezi ulipokwisha tukayafungua madaftari hayo hapa hapa chini ya mwembe, na karibu katika kila daftari sabuni ya kufulia, ya kuogea na ya kuoshea vyombo ilikuwa imefuata unga moja kwa moja. Wengi wetu tulikuwa tukinunua kipande kimoja kimoja kwa kukosa fedha ya mche mzima, na mnunuzi wa vipande, akijumlisha mwisho wa mwezi, hukuta amelipa zaidi ya aliyenunua mche. Wakati huohuo, nyuma ya nyumba zetu kulikuwa na marundo ya mise ambayo hatukuyafanyia lolote zaidi ya kuyatupa na kuwashia moto.

Kwa wageni ambao hawajazoea zao letu, tunaomba kueleza kwamba tunda la mchikichi hutoa mafuta ya aina mbili. Nyama ya nje hutoa mawese, yale mekundu tunayopikia. Kokwa ngumu iliyo ndani, ambayo ndiyo mise, ikipasuliwa na kukamuliwa hutoa mafuta mengine meupe. Mafuta hayo ya mise yana tabia inayokaribiana sana na ya mafuta ya nazi, yaani hutoa sabuni ngumu yenye povu jingi, ilhali mawese peke yake hutoa sabuni inayodumu lakini yenye povu dogo. Tangu Serikali ilipoanza mwaka 2018 kuhimiza upya kilimo cha michikichi mkoani kwetu, na kituo cha Kihinga cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania (TARI) kilipokabidhiwa jukumu la mbegu bora ya Tenera, mazungumzo mengi yamehusu mawese, na ni haki yake. Sisi tunaomba mise nayo ihesabiwe.

Tulipofikia uamuzi wa kujaribu, wazee wetu hawakushangaa hata kidogo. Bibi zetu walichoma maganda ya ndizi, wakachuja maji kupitia majivu yake, wakayachemsha pamoja na mawese mpaka wakapata sabuni nyeusi, laini kama ugali uliolegea, kwa sababu potasi iliyomo katika majivu hutoa sabuni laini, tofauti na kostiki ya leo, ile kemikali kali ya dukani ya kutengenezea sabuni, inayoifanya iwe ngumu. Walisugulia vyombo majani ya msasa, na ndiyo maana hata karatasi ya fundi seremala tunaiita msasa hadi leo. Miili waliisugulia dodoki lililotambaa juu ya ua. Kwa hiyo tulichokifanya sisi ni kurudi katika kazi iliyokuwapo, tukiongeza kipimo.

Ndugu Mgeni Rasmi, hapo kwenye kipimo ndipo tunapotaka kukaa kidogo, kwa sababu ndipo tulipoumia. Mafunzo yetu ya kwanza tulipewa na mtu aliyetufundisha kupima kwa kopo: kopo kadhaa za mafuta, kopo moja la kostiki, maji kwa kukadiria. Kwa kuwa hatukuwa na chombo kingine, tulichanganyia katika sufuria ya alumini, ile inayopikiwa ubwabwa wa shughuli. Kostiki ilipogusa ile sufuria, mchanganyiko ulianza kutokota bila moto, ukatoa povu la kijivu na moshi wenye kukaba koo, na tulipoumwaga tulikuta kitako cha sufuria kimelika na kutoboka vitundu kama kimeliwa na mchwa. Hatukuambiwa kwamba kostiki hula alumini na kuzalisha gesi inayoshika moto. Sabuni ya siku hiyo tuliigawana hivyo hivyo, kwa kuwa roho ziliuma kuitupa. Mwanachama mmoja aliifulia nguo za mtoto mchanga, na ngozi ya vidole vyake ikambabuka kwa muda wa wiki mbili. Tunashukuru kwamba mtoto hakudhurika.

Tukio la pili lilitutisha zaidi. Kostiki tulikuwa tukiinunua sokoni ikiwa imeyeyushwa na kutiwa katika chupa za maji ya kunywa, bila karatasi yoyote juu yake. Mjukuu wa mwanachama wetu, mwenye umri wa miaka mitatu, alikutwa ameishika chupa ya namna hiyo na tayari amekwisha kufungua kizibo. Bibi yake aliifikia kabla haijafika mdomoni. Kostiki huunguza koo na umio, na mtoto anayenusurika huweza kuishi na kovu linalomzuia kumeza chakula. Tangu siku ile ni marufuku kwa mwanachama yeyote kuipeleka kostiki nyumbani kwake. Inanunuliwa ikiwa kavu, inahifadhiwa katika ndoo moja yenye mfuniko wa kubana, kwa kuwa ikiachwa wazi hunyonya unyevu na kupungua nguvu, na ndoo hiyo inafungiwa kufuli katika ofisi ya kijiji.

Sasa tunafanya kazi kwa mizani. Kwa kilo 10 za mafuta, yaani kilo 6 za mawese na kilo 4 za mafuta ya mise, tunapima kostiki kilo 1 na gramu 470 na maji kilo 3 na nusu. Kiasi hicho cha kostiki kimepunguzwa makusudi kwa takriban asilimia 5 chini ya kile ambacho mafuta hayo yangeweza kukimaliza, ili mafuta kidogo yabaki na kostiki isibaki. Kostiki ndiyo inayomiminwa kidogo kidogo ndani ya maji, na kamwe maji hayamwagwi juu ya kostiki, kwa sababu huchemka ghafla na kuruka usoni. Tunatumia ndoo ya plastiki ngumu, tunakaa uwanjani upepo ukiwa mgongoni, na anayemimina huvaa glavu na miwani. Maji hayo yakishapoa ndipo yanapoingizwa katika mafuta, na mwiko unaanza kuzunguka. Kwa muda mrefu huoni kitu. Kisha rojo jekundu linageuka rangi ya machungwa, linakuwa zito kama uji wa mgonjwa, na ukiinua mwiko, tone linaloanguka linaacha alama juu yake badala ya kuzama. Mama anayeshika mwiko anasema "imeshika", na wote tunainuka kushika masanduku ya mbao. Kesho yake tunakata kwa waya, na miche inapandishwa kwenye chanja kivulini, ikiachiana nafasi, kwa muda wa wiki 4 kamili. Mwalimu wa kemia wa shule ya sekondari ya jirani hutusaidia kuipima kwa karatasi maalumu za kubadilika rangi kabla haijagawiwa.

Ndugu Mgeni Rasmi, tungependa kusema ukweli kuhusu faida, maana wapo wanaoambiwa kwamba kila kitu kikitengenezwa nyumbani ni rahisi kuliko cha dukani, na sivyo. Ukinunua mawese kwa bei ya wakati wa uhaba, ukajumlisha kostiki na siku nzima ya kazi, mche wako unaweza kukugharimu zaidi ya ule wa kiwandani. Nafuu yetu inatoka katika mambo mawili. Kwanza, mise tunaipasua wenyewe na haitugharimu fedha taslimu. Pili, tunatengeneza wakati wa msimu, mawese yanapokuwa mengi, kisha tunaweka akiba, kwa kuwa sabuni ya mche kadiri inavyokaa ndivyo inavyokauka na kuchelewa kuisha. Kwa utaratibu huo, kaya za wanachama zilizokuwa zikinunua sabuni kila juma sasa hukaa miezi kadhaa bila kuigusa ile ya dukani, na fedha hiyo imehamia kwenye hisa. Mwaka jana hakuna mwanachama hata mmoja aliyekosa hisa kwa zaidi ya wiki mbili mfululizo, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu tuanze.

Sabuni ya maji nayo tunaitengeneza, kwa malighafi tunazonunua mjini, lakini hiyo inafahamika na wengi na hatutaiongelea zaidi. Tunachoomba akina mama wenzetu wakisikie ni hiki: si kila mchanganyiko una maana. Tumeona mafunzo yanayosambazwa kwa simu yakisema uchanganye siki na magadi ya kuokea ili upate dawa kali ya usafi. Povu linalotoka linavutia macho, lakini vitu hivyo viwili vinamalizana, na kinachobaki ni maji yenye chumvichumvi. Limau au siki peke yake huondoa ukoko wa chokaa katika birika, na magadi peke yake husugua masizi. Kila kimoja kitumike kwa wakati wake. Lililo baya kabisa ni kuchanganya dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini na siki, limau au dawa ya choo, kwani hutoa gesi ya sumu, na vyoo vyetu vina madirisha madogo. Aidha, hatudai kwamba sabuni yetu inatibu fangasi wala chunusi. Inaondoa uchafu na mafuta, na kwa kunawa mikono inatosha.

Mabaki ya kukata, pembe na vipande vilivyovunjika, hatuyatupi. Tunayakwangua, tunayayeyusha katika maji ya moto, na kila Jumatatu tunapeleka madumu mawili katika shule yetu ya msingi kwa ajili ya vibuyu chirizi vya kunawia mikono vilivyo karibu na vyoo. Kabla ya hapo vibuyu vilikuwapo na maji yalikuwapo, ila sabuni haikuwapo. Mwalimu wa afya wa shule ametuomba tuongeze dumu la tatu, na tumekubali.

Ndugu Mgeni Rasmi, baada ya maelezo hayo tunaomba kuwasilisha maombi yetu.

Ombi la kwanza, ambalo kwetu ni kubwa kuliko yote, halihitaji bajeti. Tunakuomba, kupitia ofisi yako na maafisa afya wa kata, kupiga marufuku uuzaji wa kostiki iliyotiwa katika chupa za maji au za soda ndani ya wilaya yetu, na kila muuzaji alazimike kuifunga katika chombo chenye maandishi ya Kiswahili yanayosomeka pamoja na alama ya hatari. Kikundi chetu kiko tayari kupita dukani hadi dukani pamoja na maafisa hao.

Pili, tunaomba kusaidiwa mashine ya kupasulia mise. Kwa sasa tunapasua kwa jiwe, kokwa moja moja, na kazi hiyo inawaangukia zaidi wazee wetu na watoto wanaotoka shule; vidole vyao vinaonyesha. Tumekwisha kujaza fomu za mkopo wa halmashauri, katika ile asilimia 4 iliyotengwa kwa wanawake kutoka mapato ya ndani, na tunaomba maombi yetu yaangaliwe.

Tatu, tunaomba mizani mbili za kupimia gramu, glavu na miwani, ili tuweze kuwafundisha akina mama wa vitongoji vingine viwili ambao wametuomba. Tumewakatalia mara mbili, na tulisikitika kuwakatalia, lakini hatuwezi kumfundisha mtu kazi hii kwa kopo.

Kuhusu kuuza madukani, tunafahamu kwamba bila alama ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS) hatuna ruhusa, na tumeanza kufuatilia barua ya utambulisho kutoka SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, ili tuingie katika utaratibu uliowekwa kwa wajasiriamali wadogo. Tutakaporidhika na ubora wa kila mche, na si kabla, tutakuja ofisini kwako kuomba baraka.

Mbele yako mezani pana miche miwili. Wa kulia, wenye madoa meupe na unaomeng'enyeka, ni wa siku ile ya sufuria ya alumini. Tumeuhifadhi kwa ajili ya kufundishia na tunaomba usiuguse kwa mkono mtupu. Wa kushoto ulikatwa wiki 6 zilizopita, umepimwa, na ni zawadi yetu kwa familia yako.

Naomba kuwasilisha.

Risala hii imesomwa na Katibu wa kikundi kwa niaba ya wanachama wote.