Tuulize pia uso wa plastiki umefanywaje

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nichangie makala mliyochapisha kuhusu vifaa vya plastiki vinavyowekwa mwilini. Mwandishi aligawa plastiki mafungu mawili, zile ambazo mwili unazikubali na zile unazozikataa, akaishia hapo. Mimi ni fundi sanifu wa maabara na kazi yangu ni kukuza seli za binadamu. Mgawanyo ule hautoshi, na somo hilo nililipata kwa hasara.

Siku moja msambazaji wetu alileta sahani za polistaireni, aina ya plastiki ngumu. Kwa macho zilikuwa zilezile tulizozizoea: angavu, nyepesi, ukubwa uleule. Nikamimina seli za ngozi pamoja na maji ya lishe, nikaziingiza kwenye inkubeta, kabati la kutunza joto, nyuzi joto 37. Kesho yake nikaangalia kwa hadubini. Seli hizi zikiwa na afya hujilaza bapa na kujinyoosha, ncha huku na ncha kule. Zangu zilikuwa zimejiviringa kama vitone vya mafuta, na nilipoinamisha sahani zikateleza zote upande mmoja. Siku ya tatu nyingi zilikuwa zimekufa. Nilibadilisha lishe, nikapima gesi, nikazishuku hata seli zenyewe. Wiki mbili zikapotea kabla sijasoma maandishi madogo ubavuni mwa katoni: sahani za kuoteshea bakteria. Plastiki ni ileile, ila uso wake haukuwa umetayarishwa.

Sahani za seli hupitishwa kiwandani kwenye plazima (si ile ya damu, hii ni gesi iliyopigwa umeme), nayo hupandikiza oksijeni kwenye uso wa polistaireni, uso ukawa wa kupenda maji. Badiliko lenyewe huingia nanomita chache tu, na unywele mmoja una unene wa makumi ya maelfu ya nanomita. Wahenga walituasa tusisifie nyumba kwa mlango wake, lakini seli haina nyumba nyingine ya kuijua zaidi ya huo mlango.

Tena seli haiigusi plastiki yenyewe. Protini zilizomo kwenye lishe, au kwenye damu, hutangulia kufika na kutanda ndani ya sekunde chache. Zikikuta uso unaokimbia maji, hung'ang'ania hapo na kupoteza umbo, na pale ambapo seli ingeshika panafichika. Mwaka 1984 Michael Pierschbacher na Erkki Ruoslahti walionyesha kwamba mshiko huo, kwenye protini iitwayo fibronektini, umo katika kipande cha asidi amino (matofali yanayojenga protini) chache mno. Leo watafiti hukibandika kipande hicho moja kwa moja kwenye polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli inayounda plastiki, seli zikakishika.

Sasa, je, kushikwa ndiko kukubaliwa? Kwa kipandikizi kinachotakiwa kuungana na mfupa, ndiyo. Kwa katheta, mrija unaoingizwa mwilini, la hasha: hapo hatutaki protini, wala bakteria, wala damu igande. Ndiyo maana nyuso nyingine hupakwa heparini, dawa ya kuzuia damu isigande, nyingine hupandwa minyororo ya polietilini glaikoli, ambayo hushika maji na kuzizuia protini zisitue. Plastiki moja inaweza kupewa kazi zote mbili.

Na matayarisho yenyewe huchakaa. Silikoni iliyopitishwa kwenye plazima huanza kurudia hali yake ya kukimbia maji baada ya saa au siku chache, kwa sababu minyororo yake hujigeuza. Kwa hiyo nawaomba waandishi wenu, kila wanapoambiwa kifaa fulani ni salama, waulize uso wake umefanywaje, lini, na baada ya kutakaswa bado uko vile?

Mimi siku hizi kila katoni mpya naitoa sahani moja na kuidondoshea tone la maji. Likitandaa, naendelea na kazi. Likijikusanya, narudi kusoma ubavuni mwa katoni. Maandishi yale bado ni madogo, na nawasihi watengenezaji wayakuze.

Fundi sanifu wa maabara