"Mnanitoza kwa kunakili faili tu?" Jibu refu kwa mzee wa vifaa vya ujenzi

Wiki iliyopita mzee mmoja mwenye duka la vifaa vya ujenzi, mteja wetu wa huduma ya bakapu (nakala za akiba za mfumo wake wa mauzo) kwa mwaka wa pili sasa, alipanda ngazi hadi ofisini kwetu hapa Kariakoo na ankara zetu zote ndani ya bahasha ya kaki. Nikainuka, shikamoo, marahaba, nikamvutia kiti. Hakukaa. Akazimwaga ankara mezani. "Kijana wangu, hizi elfu sitini kila mwezi nazilipia nini hasa? Mfumo haujafa hata siku moja. Mpwa wangu ananakili mafaili kwenye flashi, dakika tano, simpi hata soda."

Chai alikataa. Akaondoka na huduma tukaisitisha siku ileile. Mwaka huu yeye ni wa nne, na wote wanne wametaja mpwa, au shemeji, au kijana wa jirani anayesomea kompyuta. Kwa hiyo naandika hapa yale ambayo sikuweza kuyasema mbele ya mtu aliyesimama.

Kunakili hatukutozi. Kunakili ni kazi ya mashine, inafanyika saa nane usiku wewe umelala na mimi nimelala. Tunachotoza ni kurejesha, pamoja na kurejesha ambako huwa hukuoni.

Tuanze na mpwa. Mifumo mingi ya mauzo tunayokutana nayo mtaani inatunza data zake kwenye programu ya databesi, MySQL au ndugu yake MariaDB, iliyokuja ndani ya kifurushi cha bure kiitwacho XAMPP. Mpwa anafungua diski C, anaingia xampp, mysql, data, anaona folda yenye jina la duka. Ndani yake kuna mafaili yenye majina anayoyajua: mauzo, bidhaa, wadaiwa. Anainakili folda, inakaa kwenye flashi, kila mtu anaridhika. Ila databesi haikuishia kwenye folda hiyo. Nje yake, hatua moja tu, kuna faili linaitwa ibdata1, na ndani ya hilo ndimo injini, sehemu ya databesi inayosoma na kuandika data, inamoweka orodha yake ya jedwali gani liko wapi. Ukiliacha, siku ya kuhamishia folda kwenye kompyuta mpya utaona majina yote ya majedwali yamejipanga vizuri upande wa kushoto. Bonyeza lolote: kosa namba 1932, jedwali halipo kwenye injini.

Mwaka juzi tuliletewa folda ya namna hiyo kutoka duka la jumla la vipodozi. Majedwali 112. Tulimtafuta aliyeandika programu akatupa muundo wa majedwali, tukayaunda upya yakiwa matupu, kisha jedwali moja baada ya jingine tukaliondolea faili lake jipya la data, tukaweka la zamani, tukaiambia injini ilipokee. Watu wawili, siku tatu. Majedwali 109 yalifufuka. Matatu yaligoma, na mojawapo lilikuwa la wadaiwa. Ankara ikawa laki tisa. Mama mwenye duka alituambia kwamba sisi ni wezi wenye kiyoyozi. Mwaka mzima wa huduma yetu ni laki saba na ishirini.

Na hiyo ni folda iliyonakiliwa duka likiwa limefungwa. Ukinakili huku keshia anaendelea kuuza, hiyo ni sawa na kuhesabu stoo huku vijana wanashusha mzigo: rafu ya kwanza umeihesabu saa tatu, ya mwisho saa tano, na karatasi yako haina ukweli wa saa yoyote. Risiti imeandikwa kwenye jedwali la mauzo lakini mzigo haujapungua kwenye jedwali la stoo. Bakapu ya kweli haichukui mafaili kwa mlango wa nyuma. Inaiomba databesi yenyewe itoe nakala ya hali yake ya dakika moja, na databesi inajua jinsi ya kufanya hivyo bila kusimamisha kaunta.

Wenye SQL Server Express, databesi ya Microsoft, msicheke. Toleo hilo ni la bure, na kilichoondolewa humo ni pamoja na mpangaji wa kazi za ratiba. Kitufe cha bakapu kipo, na kinafanya kazi, lakini hakijibonyezi. Tumekuta duka moja ambako bakapu ya mwisho ilikuwa ya siku mfumo ulipowekwa. Mwenyewe aliapa kwamba ni ya otomatiki. Sisi huweka ratiba upande wa Windows, ikaiamuru databesi kila usiku. Ni mistari michache ya maandishi, sitadanganya kwamba ni sayansi ya roketi. Kazi ni kuhakikisha inaendelea kufanyika mwezi wa kumi na moja kama ilivyofanyika wa kwanza.

Kuhusu flashi, naomba mnisikilize vizuri. Kuna kijana wa duka la dawa alinijia na flashi iliyoandikwa TB 2, ameinunua elfu kumi na tano barabarani. Bakapu za miezi saba zilikuwemo, zimepangwa kwa tarehe, kila faili na ukubwa wake. Nikafungua la mwisho kwa programu inayoonyesha baiti zenyewe. Sifuri, sifuri, sifuri, skrini nzima, nikashuka chini mpaka kidole kikachoka. Flashi zile ndani yake zina GB 8 au 16, ila zimefundishwa kuidanganya kompyuta. Zikijaa zinaendelea kupokea, zinaandika jina la faili na kutupa kilichomo. Kijana alikaa kimya kwa muda, kisha akaniuliza kama naweza kujaribu kwenye kompyuta nyingine. Nikajaribu kwenye mbili. Tangu siku hiyo hatupokei flashi wala diski mpya, hata ziwe na boksi lenye muhuri, kabla ya kuijaza yote data ya majaribio na kuisoma tena mpaka mwisho. Kwa diski ya TB 1 hilo linamaliza usiku mzima. Halipo kwenye ankara, lakini ndilo linalonifanya nilale.

Kuna kesi moja naipenda kuisimulia kwa sababu tulishinda, ingawa nusura tujiangushe wenyewe. Shule moja ya binafsi, mhasibu alikuwa anafuta malipo ya mwanafunzi mmoja aliyehama, akafuta ya kidato cha pili chote. Akapiga simu analia. Tulikuwa na nakala kamili ya usiku, na juu yake MySQL ilikuwa inaandika daftari la kila badiliko, moja kwa moja, sekunde kwa sekunde. Katika hali hiyo unarejesha nakala ya usiku, kisha unalisoma daftari mbele na kusimama hatua moja kabla ya kosa. Nikamuuliza, ulifuta saa ngapi? "Saa nne na nusu." Kijana wetu, haraka haraka, akaandika 10:30 kwenye amri, kama saa ya kusimama. Kidole kikiwa juu ya kitufe nikakumbuka kwamba seva ile ilifungwa na mtu aliyeiacha kwenye saa za Greenwich. Saa nne na nusu ya mhasibu ni 10:30 ya ukutani na ni 7:30 ya seva. Tungesoma daftari na kulipita kosa kwa saa tatu nzima, na kulirudia kosa lenyewe kwa uaminifu mkubwa. Tukafungua daftari kwa macho, tukakuta amri ya kufuta, 07:31 na sekunde 12, tukasimama kabla yake. Malipo yote yakarudi, pamoja na ya asubuhi ile. Sasa kila fomu yetu ya mteja mpya ina mstari wa saa ya seva.

Sisi nasi tumewahi kuboronga, na afadhali mlisikie kwangu. Mteja mmoja, diski yake ya bakapu ilijaa. Programu yetu haikulalamika: kila usiku iliunda faili lenye ukubwa wa sifuri na kututumia ujumbe kwamba imekamilika. Siku 19. Tuligundua siku ya jaribio la mwezi, databesi ikiwa hai na salama, kwa hiyo hakuna aliyeumia. Tulimweleza na kumrudishia hela ya mwezi huo. Tangu hapo ujumbe wa usiku unataja ukubwa wa faili, na faili likiwa dogo kuliko la jana kwa kiasi kisicho cha kawaida, simu yangu inalia hata kama ni saa tisa.

Si sisi wadogo tu. GitLab, kampuni ambayo mainjinia wa dunia nzima wanaweka kazi zao kwake, tarehe 31 Januari 2017 fundi wao aliyechoka alifuta folda ya databesi kwenye seva ambayo siyo. Walipogeukia bakapu wakakuta zile za kila siku zilikuwa hazifanyiki, kwa sababu chombo cha kunakili kilikuwa cha toleo la PostgreSQL, databesi yao, lisiloendana na la seva, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa njiani bila mtu kujua. Kilichowaokoa ni nakala ambayo fundi huyohuyo aliichukua kama saa sita kabla, kwa shughuli nyingine kabisa. Walipoteza kazi ya saa hizo sita, wakayaandika yote hadharani. Heshima kwao.

Watu wanauliza kwa nini diski mbili, kwa nini moja inatoka nje ya duka. Waliokuwepo Kariakoo Julai 2021 soko lilipoungua hawaulizi. Kuna pia kirusi kinachofunga mafaili na kudai fidia: kikiingia kinafunga kila diski kinayoikuta imechomekwa, na ya bakapu pia. Ndiyo maana kijana wetu anapita na pikipiki kila Ijumaa kubadilisha, iliyokuwepo inatoka, iliyopumzika inaingia. Na wingu, yaani kuhifadhi nakala mtandaoni? Tunalitumia, ila halitoshi peke yake. Mei 2024 nyaya za intaneti za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika, mteja mmoja aliyekuwa na nakala yake yote mtandaoni tu alihitaji kuirejesha wiki ileile. GB 26. Kipimo cha upakuaji kikaonyesha saa 90, kikapanda hadi 140, kikakata tamaa.

Bei yetu haitoki hewani. Kabla ya mkataba tunakuuliza mambo mawili: kazi ya saa ngapi unaweza kuipoteza ukaivumilia, na unaweza kukaa bila mfumo kwa saa ngapi. Duka la dawa lenye foleni linajibu saa moja na saa moja, hilo ni ghali. Mzee wangu wa vifaa vya ujenzi alijibu siku moja na nusu siku, kwa sababu ana vitabu vya karatasi, ndiyo maana elfu sitini. Atakayetaka elfu ishirini tunaweza, ila tunaondoa jaribio, na mimi huwa namwambia wazi kwamba hapo ananunua matumaini.

Jaribio lenyewe ni hivi. Kila mwezi tunachukua nakala yako ya jana yake, tunairejesha kwenye kompyuta ambayo haijawahi kuiona, saa ya simu ikihesabu. Tunaikagua databesi yenyewe kama ina ukurasa uliovunjika. Kisha tunafungua mfumo kama keshia, tunatoa jumla ya mauzo ya siku, na kuilinganisha na Z ripoti, yaani jumla ya siku inayotoka kwenye mashine yako ya risiti ya EFD, ile picha tunayokuombeni kwenye WhatsApp mnadhani sisi ni watu wa kodi. Vikilingana tunaandika dakika zilizotumika kwenye kaunta buku. Visipolingana hatulali. Na maadam nimetaja kodi, Sheria ya Usimamizi wa Kodi inakutaka utunze kumbukumbu zako miaka 5, na "kompyuta iliharibika" sijaona ikiwa kiambatisho cha mtu.

Mzee, najua unasomewa hii na mpwa. Nakala yako ya mwisho ni ya usiku wa Jumanne. Tuliirejesha Jumatano asubuhi kabla hujaja, dakika 38, na mauzo ya Jumanne yalilingana na Z ripoti mpaka shilingi ya mwisho. Diski iko kwenye droo yangu, ni mali yako. Njoo uichukue, au mtume yeye, nimwonyeshe na ibdata1 iko wapi. Kwa hilo simtozi.