Barua ya wazi kwa Waziri wa Mifugo na Uvuvi: sato wetu wanakufa kwa ugonjwa usio na jina

Kwako Mheshimiwa Waziri,
Wizara ya Mifugo na Uvuvi,
Dodoma.

YAH: KUSOMA JENOMU (VINASABA VYOTE) ZA BAKTERIA WANAOUA SAMAKI WA VIZIMBA ZIWA VICTORIA

Mheshimiwa, pokea salamu kutoka mwaloni. Mimi ni katibu wa kikundi kinachofuga sato kwenye vizimba upande wa Sengerema.

Msimu wa joto uliopita, kizimba chetu cha tatu kilianza na samaki wawili. Walizunguka juu ya maji kama pia, macho yamewatoka, mgongo umepinda. Siku ya nne tulikuwa tunaokota kwa ndoo. Siku ya tisa tukachimba shimo.

Mtaalamu alikuja, akatumbukiza kipimo majini, akaandika: upungufu wa oksijeni. Simdharau, maana kukosa hewa huua kweli samaki wa ziwa hili, hasa maji mazito ya chini yanapopanda. Lakini hewa ikikatika samaki hufa kwa mkupuo, alfajiri, wakubwa wakitangulia, na jirani naye analia. Wetu walikufa kidogo kidogo, katika kizimba kimoja tu, kile tulichopandikiza vifaranga kutoka kituo kipya miezi minne kabla. Tulifunga samaki watatu kwenye barafu, tukawapandisha basi kwenda maabara. Jibu likaja kwamba sampuli imeoza. Hapo mtu akatushauri tuchanganye dawa ya ng'ombe, antibayotiki iitwayo oksitetrasaiklini, kwenye chakula. Nakiri tulifanya hivyo. Hatukujua kama muuaji ni bakteria, wala kama ni bakteria anayeisikia dawa hiyo.

Dalili zile, kwa sato, humfanya mtu yeyote aliyesoma kidogo kumshuku bakteria aitwaye streptokokasi agalaktie, ambaye hupenda kukaa kwenye ubongo wa samaki. Lakini hata ningethibitishiwa hilo, nisingekuwa nimefika mbali. Kuniambia ni streptokokasi ni sawa na kuniambia aliyeiba nyavu ni mtu wa Mwanza. Nataka kujua mtaa na nyumba.

Hiyo ndiyo kazi ya kusoma jenomu. Bakteria huyu ana herufi takriban milioni 2 za vinasaba, na zikisomwa zote kwa mpangilio wake zinajibu maswali ambayo mfugaji anayauliza kila siku bila kujua kwamba ni ya sayansi. Amevaa koti gani, yaani utando wake wa nje, la aina Ia, Ib au III? Chanjo ya koti moja inaweza isimguse mwenye koti jingine. Amebeba vinasaba vya kuhimili dawa zipi? Na kubwa kuliko yote: wa kizimba changu na wa kizimba cha Ukerewe ni ndugu wa tumbo moja au wanafanana sura tu? Wakiwa ndugu, na sote tulinunua vifaranga mahali pamoja, basi tumepata pa kuanzia. Wasipokuwa ndugu, tumwache mwenye kituo apumue, kwa sababu kwa sasa tunamsema vibaya bila ushahidi.

Ghana walipita njia hii kabla yetu. Mwaka 2018 ilichapishwa taarifa ya vifo vya sato kwenye vizimba vya Ziwa Volta. Jenomu za streptokokasi waliokutwa zilionyesha ukoo uitwao ST261, ambao ulikwishaonekana kwa sato wa nchi za mbali. Kisha, mwaka huohuo, vikaja vifo vikubwa zaidi, na safari hii aliyekutwa alikuwa kirusi, ISKNV. Kirusi hakisikii antibayotiki hata umwage gunia. Kila nikikumbuka dawa ile ya ng'ombe, nawakumbuka wale wa Volta.

Marekani nako, jimbo la Alabama, mwaka 2009 kambare wa mabwawa walianza kufa kwa bakteria aitwaye Aeromonas haidrofila, ambaye wafugaji walikuwa wamemzoea kama msumbufu wa kawaida. Jenomu ndiyo iliyoonyesha kwamba huyu hakuwa yule wa siku zote: ndugu zake wa karibu walikuwa Asia.

Singapore, mwaka 2015, watu zaidi ya 100 waliugua baada ya kula samaki wabichi wa maji baridi wenye streptokokasi wa ukoo wa ST283. Naliandika hili kwa uangalifu, nisije nikaharibu soko la watu. Sato aliyeiva, awe wa kukaanga au wa kuchemsha, hana shida hiyo. Waliougua ni wale waliokula mbichi.

Sasa ombi langu, Mheshimiwa, na huenda likakushangaza: msianze kwa kununua mashine. Mashine za kusoma jenomu zinazoenea kiganjani zipo, na nchi hii haikosi wasomaji. Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine (SUA) kule Morogoro na taasisi ya utafiti wa tiba ya KCRI kule Moshi wanaifanya kazi hii kwa vimelea vya mifugo na vya binadamu. Kinachokosekana ni kilomita ya kwanza, kutoka kizimbani hadi ufukweni. Samaki akishaoza, kinachoota kwenye sahani ya maabara ni bakteria wa kuozesha, na mashine ya mabilioni itakusomea hao hao kwa usahihi mkubwa.

Anatakiwa mtu karibu na mwalo anayejua kumchukua samaki anayekufa, si aliyekufa jana, kumpasua siku hiyohiyo, kugusa ubongo na figo kwa kijiti safi, na kukituma kwenye chombo kinachomweka bakteria hai. Linatakiwa jokofu la nyuzi 80 chini ya sifuri Mwanza, lenye jenereta, ambamo kila bakteria aliyeoteshwa anatunzwa kwa jina la mahali na tarehe, ili hata wa mwaka huu aweze kulinganishwa na wa miaka kumi ijayo. Jenomu zisomwe huko zinakosomwa, na majibu yarudi kwa mfugaji kwa Kiswahili kabla hajapandikiza tena.

Mtaniambia fedha hakuna. Nakumbusha tu kwamba Ulaya ilipofunga mlango kwa samaki wa ziwa hili, mwaka 1998 kwa sababu ya kipindupindu na mwaka 1999 kwa hofu ya sumu ya kuvulia, tulijua kupima. Leo pale Nyegezi ipo maabara ya taifa ya udhibiti wa ubora wa samaki. Anayemla sangara wetu ng'ambo amehakikishiwa usalama wake. Sato anayeumwa Sengerema hana mtetezi, kwa kuwa hafiki hata kwenye mizani.

Vizimba tumekopeshwa na Serikali bila riba na tunashukuru. Ila samaki akifa, rejesho halifi naye.

Na kwa kuwa asilimia 51 ya ziwa ni yetu na iliyobaki ni ya Uganda na Kenya, ambako vizimba ni vingi pia, naomba orodha ya jenomu hizo iwe ya pamoja. Taasisi ya uvuvi ya nchi zote tatu, iliyoundwa kwa mkataba wa mwaka 1994, iko Jinja, Uganda. Hilo nalo halihitaji jengo jipya.

Kizimba cha tatu kiko tupu hadi leo. Samaki wanne wa mkasa ule tuliwafunga kwenye mifuko mitatu, na wamo kwenye friza ya duka la hapa mwaloni. Najua si pahali pake, na hawatoshi kwa kila kipimo, lakini ndio tulionao. Mwenye duka ameanza kuuliza tunawaondoa lini. Kama yupo wa kuwapokea, aje mapema.

Wako mtiifu,
Katibu wa kikundi cha wafugaji wa vizimba,
Sengerema, Mwanza.