Rukia, inhela yangu sikutumii

Makorora, Tanga
Jumanne, 14 Mei

Shoga yangu Rukia,

Assalaam alaykum. Mimi sijambo, watoto hawajambo, Bi Mwanaidi yupo na miguu yake ile ile, hofu ni kwako na kwa Nasra. Salamu nazifupisha maana Zuhura anaondoka kesho alfajiri na nimemuahidi ataikuta barua tayari. Mvua huku hainyamazi. Ukuta wa chumbani umeota ukungu mpaka usawa wa kitanda, kila Jumamosi tunausugua, kila Jumatano umerudi.

Ujumbe wako niliupata Ijumaa. Niliusoma jikoni mafuta yakiwa motoni, nikausoma tena usiku. Unasema nimpe Zuhura inhela yangu moja ya pumu, ile ya poda, akuletee, umjaribishie mwanao Nasra, kwa kuwa umesikia tangu nibadilishiwe dawa nalala usiku kucha. Kulala nalala, alhamdulillah. Lakini inhela sikutumii, mwenzangu. Usinune. Ungeniomba kanga ambayo sijaivaa ningekufungia na leso juu, unanijua. Hii siwezi. Nimeona nikuandikie kwa sababu kwenye simu ungenikatisha kabla sijafika kwenye sababu, salio likaisha, tukabaki tumekasirikiana bure.

Nadhani Mama Chausiku amekusimulia nusu ya habari. Sikiliza yote.

Ile inhela ya kahawia, beclometasone ya kutuliza uvimbe, unaikumbuka, ninayo tangu tunakaa Barabara ya 12. Mara mbili asubuhi, mara mbili usiku. Ilinilea miaka yote ile. Ila tangu mwaka jana nikawa naamka saa tisa za usiku kifua kinapiga filimbi, nakaa kitandani nimekumbatia magoti mpaka adhana. Ya bluu, salbutamol ya kutumia nikibanwa, nikawa naimaliza kabla mwezi haujaisha. Nikasema ni moshi wa mkaa tu, mwenye kukaanga vitumbua kila alfajiri atakosaje kukohoa. Daktari aliponiuliza ya bluu naitumia mara ngapi kwa wiki, niliona haya kumjibu kwamba ni kila siku. Akaniambia ikizidi mara mbili kwa wiki, au kifua kikikuamsha usiku, pumu haijashikika hata kama mchana unatembea vizuri. Ya bluu inafungua njia ya hewa, uvimbe ulioko ndani inauacha pale pale. Akasema ndiyo maana tangu 2019 wale wa GINA, wanaotoa mwongozo wa pumu unaofuatwa duniani, hawashauri tena mtu mzima kutegemea ya bluu peke yake.

Basi akaniandikia hii ya poda. Ndani yake dawa mbili kwa pamoja: budesonide ya kutuliza uvimbe, na formoterol ya kufungua kifua, ambayo inaanza kazi kwa dakika chache na kukaa karibu saa 12. Kwangu mimi ni hiyo hiyo asubuhi, hiyo hiyo jioni, na hiyo hiyo nikibanwa, kwa kikomo alichokiandika kwenye kadi yangu. Nilitoka pale nimefurahi.

Kwenye dirisha la dawa ndipo mambo yalipoharibika. Hospitali siitaji. Aliyenipa dawa alikuwa na foleni mpaka mlangoni, akanisukumia boksi akasema, "Matumizi ni yale yale mama, asubuhi na jioni." Mpaka leo neno hilo linaniuma, Rukia. Yale yale! Hakuna hata kimoja kilichokuwa kile kile isipokuwa saa ya kuitumia.

Ngoja nikuchoree. Ni kijibomba cheupe chenye kitako chekundu. Unakishika wima, unazungusha kitako mpaka mwisho, unarudisha, kinalia *tak*. Hapo dozi imekaa tayari. Haikupulizii kitu kama ile ya kahawia. Ukikaa nayo mdomoni bila kuvuta haitoki hata chembe, kwa sababu inayoitoa ni pumzi yako mwenyewe, na lazima uvute haraka, kwa nguvu, tangu mwanzo wa pumzi hadi mwisho. Ile ya kahawia nilifundishwa kuvuta polepole kama mtu anayeonja chai ya moto. Mkono wangu na kifua changu vilizoea hivyo. Kwa hiyo hii nayo nikawa naivuta polepole. Tena naitikisa kwanza, maana ile ya zamani bila kuitikisa haifanyi kazi vizuri. Tena natolea pumzi humo humo ndani kabla ya kuvuta, na jasho la hewa ya Tanga unalijua, na poda ikipata unyevu inaganda. Na kifuniko nakiacha wazi dirishani karibu na sufuria.

Halafu haina ladha. Unavuta, husikii kitu ulimini, hujui imeingia au haikuingia. Mimi kilichonituliza ni ule mlio. Nikiitikisa naisikia ndani, *cha cha cha*, kama punje za mchele kwenye kibuyu. Nikajua dawa ipo tele.

Ina dozi 60. Mbili kwa siku, hesabu mwenyewe. Nilianza tarehe 2 Februari. Tarehe 12 Machi nilikuwa bado naizungusha, inalia tak, naitikisa, inalia cha cha cha, navuta. Usiku wa siku hiyo mvua ya kwanza ilinyesha, na saa nane nikabanwa vile ambavyo sijabanwa tangu nimzae Hamisi. Sentensi siwezi kuimaliza. Namwambia mtoto "niletee ma..." na neno maji halitoki. Hamisi alikimbia pekupeku mpaka kwenye maegesho ya bajaji. Nilivutishwa mvuke mara tatu, nikapewa na vidonge vya prednisolone vya siku tano, vya kutuliza uvimbe.

Asubuhi kijana mmoja daktari akaniomba nimwonyeshe dawa ninayotumia. Akaigeuza, akanionyesha kijidirisha kidogo ubavuni ambacho siku zote nilidhani ni urembo. Kulikuwa na sifuri, na nyuma yake pekundu. "Mama, hii imeisha." Nikaichukua mkononi mwake nikaitikisa karibu na sikio lake nikamwambia asikilize mwenyewe. Akanijibu taratibu, "Hiyo unayoisikia si dawa. Ni vitu vya kukausha unyevu, vimewekwa humo ili poda isigande. Italia hivyo hata mwakani."

Rukia, zaidi ya wiki nzima nilikuwa navuta hewa tupu, asubuhi na jioni, kwa bismillahi, na moyo umetulia.

Yule kijana, Mungu ambariki, hakunigombeza. Alitoa nyingine mpya, akanionyesha, akanipa niifanye mbele yake. Nikakosea, akanirudisha. Mara ya nne ndiyo akaridhika. Kutoa pumzi, geuza uso pembeni. Vuta kwa nguvu. Zuia pumzi mpaka kumi. Sukutua mdomo na uteme, usije ukaota utando mweupe ulimini. Funga kifuniko. Na kijidirisha kitazame, ukingo ukianza kuwa mwekundu nenda kachukue nyingine, usingoje sifuri. Tangu hapo ndipo nilipoanza kulala. Tangu hapo, si tangu nilipopewa boksi. Mama Chausiku sehemu hii hakukusimulia kwa sababu na mimi niliona aibu, sikumwambia.

Sasa mimi ni mtu mzima wa miaka 41, ninasoma na kuandika, na nilikosea karibu yote. Nasra ana miaka mitano. Ile poda inataka kifua cha kuvuta kwa nguvu kwa pumzi moja, na mtoto wa umri wake hawezi kuivuta hivyo. Na dozi iliyomo nimepimiwa mimi. Ukimwachisha ya kahawia umpe hii, siku za mwanzo utamwona mzima, utasema dawa imemkubali, kumbe ni ile ya zamani bado haijamwisha mwilini. Halafu siku moja yuko uani anacheza rede. Siku hiyo mimi siitaki hata kuifikiria.

Najua kilichokuuma ni ile chupa anayovutia Nasra inhela yake. Zuhura ameniambia jirani yako alicheka, kwamba mtoto wa mjini anavutishwa dawa kwenye chupa ya maji ya dukani. Nilikuwepo mimi Baba Nasra alipoichoma tundu kwa waya wa moto, akailinganisha na mdomo wa inhela, akaiziba pembeni. Ilikuwa kazi safi. Yule kijana nilimuuliza kuhusu chupa hiyo hiyo. Akaniambia madaktari wa Cape Town waliipima na kuchapisha matokeo mwaka 1999: chupa ya plastiki ya nusu lita iliyozibwa vizuri iliwasaidia watoto waliobanwa na pumu sawasawa na spesa za kununua, vile vyombo vya dukani vya kuvutia inhela. Mwambie jirani. Au usimwambie, mwache acheke, mradi Nasra apumue.

Ila chupa nayo ina utaratibu wake, na hapa ndipo ninapokushuku kidogo, shoga. Ioshe kwa maji na sabuni na uiache ijikaushe yenyewe. Ukiifuta kwa kitambaa, plastiki inavuta dawa ikagande ubavuni badala ya kwenda kifuani. Itikise inhela, bonyeza mara moja, mtoto apumue ndani ya chupa taratibu kama mara tano au sita, ndipo ubonyeze ya pili. Usibonyeze mbili kwa mpigo kwa sababu gari la shule linapiga honi. Ikipata ufa, tafuteni chupa nyingine.

Na hili la kumpa ya kahawia siku anazokohoa tu. Nimeambiwa na sitaki kumtaja aliyeniambia. Unaogopa itamdumaza. Na mimi niliuliza, kwa sababu Hamisi naye aliwahi kuitumia. Nilijibiwa bila kufichwa: inaweza kumpunguzia mtoto urefu kidogo, kama sentimita moja. Na pumu isiyoshikwa nayo inamzuia mtoto kukua, achilia mbali usiku ule wa mvuke. Sentimita moja, Rukia! Baba yake alivyo mrefu vile. Dawa ile ni ya siku anazocheka. Siku anayobanwa imeshachelewa, hapo ni ya bluu na kukimbilia hospitali.

Nimempa Zuhura bahasha. Iliyomo ni nauli ya kwenda na kurudi kliniki na ya kumwona daktari, si mkopo, usinirudishie. Kafungasha na nazi sita. Ukienda beba kila kitu, ya kahawia, ya bluu, na chupa yenyewe, na umwambie daktari amwangalie Nasra anavyovuta, kwa macho yake. Asikuandikie tu. Ukiambiwa "matumizi ni yale yale", usiondoke dirishani, hata foleni yote ikuzomee. Wakiona dawa inafaa kubadilishwa, watabadilisha wao, na wewe utaonyeshwa na Nasra ataonyeshwa.

Habari nyingine ni chache. Mzee Chambo bado hajalipa, ananikwepa mpaka sokoni Ngamiani. Jiko nimelitoa nje chini ya kibanda, moshi unaondoka na upepo wa kusi, wateja wamelalamika wiki moja wakazoea. Kuhusu ile shamba ya Pongwe, basi, hiyo tutaongea ukija.

Sasa nijibu, tena kwa maandishi, Zuhura anarudi Jumapili. Nasra anaamka usiku? Mara ngapi kwa wiki hii iliyopita, nihesabie kweli. Ya bluu uliinunua lini, na imebaki kiasi gani? Bado mnachoma ubani chumbani anamolala? Akikimbia anasimama kabla ya wenzake? Walimu wake wanajua inhela iko mfuko gani wa begi? Na wewe mwenyewe unalala, au unakaa ukimsikiliza anavyopumua kama nilivyokaa mimi kwa Hamisi?

Baba Nasra msalimie. Mwambie ile chupa nimeisifu.

Wako akupendaye,
Mwanakombo

Kile kijibomba cha sifuri bado ninacho. Nimempa Zuhura akuletee hicho, kitupu. Kitikise, usikie.