Majemadari wale walitia saini wenyewe

Mhariri,

Nimeisoma makala yenu kuhusu Ujerumani ilivyouvamia Umoja wa Kisovyeti alfajiri ya Juni 22, 1941. Mwandishi amewapanga makamanda bila kukosea: Leeb kaskazini akielekea Leningrad, Bock katikati kwenye njia ya Moscow, Rundstedt kusini upande wa Ukraine, na mbele yao vifaru vya Hoepner, Hoth, Guderian na Kleist. Kilichoniuma ni pale anaposema kwamba hawa walikuwa wanajeshi tu, na unyama wote ulikuwa wa Hitler na vikosi vyake vya SS, askari wa chama chake cha Nazi. Hilo si kweli, na halifai kuachwa lipite.

Tuanze na Hoepner. Tangu Mei 2, 1941, kabla risasi ya kwanza haijalia, aliwaandikia wanajeshi wake kwamba vita hivyo vipiganwe kwa ukali usio na mfano, na watetezi wa mfumo wa Kibolsheviki, yaani ukomunisti wa Kisovyeti, wasihurumiwe. Ni Hoepner huyuhuyu aliyenyongwa Agosti 1944 kwa kushiriki njama ya kumuua Hitler, na wengi humtaja kwa hilo. Naukubali ujasiri wake wa 1944. Haufuti alichokiandika 1941.

Reichenau, kamanda wa Jeshi la Sita, ndiye anayenikera zaidi. Agosti 1941, huko Bila Tserkva, mji ulio kusini mwa Kiev, watoto wa Kiyahudi wapatao 90 walifungiwa ndani ya nyumba bila chakula wala maji. Wazazi wao walikuwa wameshauawa. Ofisa mmoja wa jeshi, Helmuth Groscurth, alipowaona alipinga na kusimamisha kazi ya kuwaua, akalipeleka suala kwa wakubwa hadi likamfikia Reichenau mwenyewe. Jemadari alikuwa na siku, alikuwa na taarifa mezani, na alikuwa na mamlaka. Akaamua kazi iliyoanzishwa imaliziwe. Watoto wale wakapigwa risasi. Mwandishi wenu atuambie Hitler alikuwa wapi katika uamuzi huo.

Mwezi uliofuata, Kiev ikiwa mikononi mwa jeshi hilohilo, Wayahudi 33,771 waliuawa katika bonde la Babi Yar kwa siku mbili, Septemba 29 na 30. Oktoba 10 Reichenau akatoa amri akiwataka askari waelewe kwamba adhabu kali kwa Wayahudi ni ya haki. Rundstedt, mkubwa wake, aliipenda na kuisambaza kwa makamanda wengine waliokuwa chini yake. Manstein, aliyekuwa akiongoza Jeshi la Kumi na Moja, akatoa ya kwake Novemba 20, maneno yakifanana.

Bado sijagusa mateka. Wanajeshi wa Kisovyeti zaidi ya milioni 5 walitekwa katika vita vile, na zaidi ya milioni 3 kati yao walikufa kwa njaa, baridi, maradhi na risasi. Kambi nyingi walimofia katika majira ya baridi ya kwanza zilisimamiwa na jeshi la kawaida, jeshi la majemadari hao mnaowasifu.

Hadithi ya jeshi lisilo na hatia ilienezwa baada ya 1945 na majemadari wenyewe katika kumbukumbu zao, na nchi za Magharibi zikaivumilia kwa kuwa zilihitaji Ujerumani Magharibi iwe na jeshi tena dhidi ya Moscow. Manstein alihukumiwa na mahakama ya Waingereza mwaka 1949 kifungo cha miaka 18. Mwaka 1953 alikuwa nje ya gereza.

Vijana wetu wanasoma makala zenu na kuzikariri. Naomba mchapishe masahihisho, na sehemu ya pili ya makala itakapotoka, mwandishi auweke mji wa Bila Tserkva kwenye ramani yake, na jina la Reichenau pembeni yake.

Msomaji wenu,
Morogoro