Si kila ganzi ya miguu ni kisukari

Mhariri,

Mimi ni fundi cherehani hapa Kondele, Kisumu. Ganzi ilianzia vidole vya miguu, ikapanda hadi nikawa siihisi pedali. Siku moja patipati ilinitoka mguuni sokoni nami nikaendelea kutembea bila kujua! Miaka miwili niliambiwa ni kisukari, ilhali sukari ilipimwa mara nne ikawa sawa. Hatimaye daktari mmoja akaagiza kipimo cha kutenganisha protini za damu. Kumbe chembe za uboho wangu zilikuwa zikitoa protini isiyo ya kawaida, inayoshambulia utando unaofunika neva. Naomba sana kipimo hiki kifike hospitali za kaunti. Neva zikishaharibika mno, mara nyingi hazirudi zilivyokuwa.

Fundi cherehani,
Kondele, Kisumu